Uzi Mwekundu kwenye Diski ya Zamani

Naandika haya nikiwa nimekaa juu ya begi langu hapa Kituku, bandari ndogo ya Goma, nikingoja boti la Bukavu. Nahodha alisema tutaondoka saa mbili. Sasa ni saa tano na bado anapakia makreti ya bia, kwa hiyo nina muda, na ninyi mnaobaki kwenye meza ya ufundi ya mtaa wa Birere mtapata maandishi mliyoniomba. Mlitaka niwaandikie namna ya kuhamisha mfumo kutoka diski mbovu kwenda diski nyingine, hatua kwa hatua. Hatua zenyewe mnazijua. Nitawaandikia mambo ambayo hamkuyaona.

Nimeacha kazi nikiwa na miaka arobaini na saba, na najua mnavyocheka. Macho yangu hayaoni tena skrubu ndogo, na kompyuta za siku hizi zimegandishwa kila kitu ndani: ukifungua, umeua. Lakini sababu ya kweli ni miguu. Inaniwasha. Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa maharagwe wa Butembo ambaye hakulala nyumbani wiki mbili mfululizo, na mimi nimechukua miguu yake bila kuchukua biashara.

Nilifika Goma mwaka ule mlima uliposhusha moto na kufunika nusu ya Birere. Nilikuwa na diploma ya sekondari na mashati mawili. Mawe bado yalikuwa ya vuguvugu ukichimba kidogo, na watu walikuwa wameshaanza kujenga maduka juu yake. Katika duka moja la mbao nilimkuta mzee mwembamba, amevaa sweta nyekundu, anafungua redio. Jina lake lilikuwa Désiré, lakini hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Muzee tu.

"Unajua kazi?" aliniuliza.

"Najifunza haraka, Muzee."

"Sikuuliza mbio yako. Niliuliza kama unajua kazi."

"Hapana."

"Ni vizuri. Bale banajua banavunjaka vitu." Akanipa bisibisi na sanduku la kompyuta lililojaa vumbi la mlima. Siku yangu ya kwanza yote nilipiga brashi. Siku ya pili pia. Siku ya tatu nilitaka kuondoka, na nadhani alijua, kwa sababu ndiyo siku aliyonionyesha diski.

Aliifungua moja iliyokwisha kufa ili nione sahani zake zinavyong'aa ndani, na kile kimkono chembamba kinachosoma. "Mashini yote hii," alisema akigonga sanduku, "ni nyumba. Mwenye nyumba ni huyu."

Mji huu ulishamfundisha kila mtu jambo hilo kwa namna yake. Kwingine watu wakikimbia vita wanaacha kompyuta. Hapa kwetu, sekretere akisikia risasi, anachukua bisibisi. Anachomoa diski, anaifunga ndani ya kitenge, anaibeba mgongoni kama mtoto, na sanduku linabaki kwa waporaji. Nimepokea diski zenye harufu ya maziwa, za unga wa muhogo, moja yenye sala iliyobandikwa kwa utepe. Nilipokea pia mama mmoja wa ofisi aliyevuka mpaka hadi Gisenyi na kurudi, siku nne, akiwa amebeba kwa uangalifu mkubwa kile kisanduku cha umeme kinacholisha mashini. Alikuwa amechagua kilicho kizito kuliko vyote, akiamini akili lazima iwe na uzito. Diski yenyewe ilibaki ofisini. Hatukumcheka mbele yake.

Sasa kosa langu. Nilikuwa na mwaka wa pili mezani, na nilijiona fundi. Mpiga picha mmoja wa mtaa wetu alileta diski iliyoanza kulia tik, tik, tik, ikiwa na picha za harusi za miaka mitatu. Akanunua nyingine ya kuchukua nafasi yake. Kazi ilikuwa nyepesi: unaunga diski mbili kwenye mashini ya mezani, unawasha programu ya kunakili, unaiambia ipi ni chanzo na ipi ni mahali pa kwenda, unabonyeza. Itahamisha kila kitu, mfumo na mafaili, mpaka diski mpya iwe pacha wa ile ya zamani.

Siku hiyo kulikuwa na mpira uwanjani na nilikuwa nimeshasimama. Nikabonyeza nikiwa nimesimama. Niliporudi kazi ilikuwa imekamilika bila kosa hata moja. Nilikuwa nimenakili diski tupu juu ya ile iliyojaa. Nilipata diski mbili mapacha, zote tupu kabisa. Wako mabibi harusi wa Goma ambao mpaka leo hawana picha ya kuwaonyesha watoto wao. Kazi hiyo ni yangu.

Muzee hakupiga kelele. Alimkabili mpiga picha mwenyewe, akasema, "Ni atelier yangu imekosa," akalibebesha duka lake kosa langu, akatukanwa mpaka yule mtu akachoka. Kisha akashika mkono wa sweta yake, akatafuta mwisho wa uzi, akavuta. Uzi mwekundu urefu wa kiganja. Akaufunga kwenye diski iliyokufa.

"Kuanzia leo, ile ya zamani inavaa uzi. Na mwenye disiki anakaa hapa, kwa kiti yako." Akagonga kioo cha kompyuta. "Anasoma ku ekra kwa sauti: chanzo ni gani, kwenye inaenda ni gani. Namba zote. Weye unatoa mikono ku klavye." Akaisogeza mikono yangu mbali na kibodi. "Akimaliza kusoma, ndipo unabonyeza."

"Muzee, wateja wengine hawajui hata kuwasha."

"Kusoma banajua. Na bao hawana haraka ya kwenda ku mpira."

Hivyo ndivyo sheria ya meza yetu ilivyozaliwa, na hivyo ndivyo sweta ilivyoanza kwisha. Kila kazi, uzi mmoja. Mwaka uliofuata mkono wa kushoto wa sweta ulikuwa umefupika mpaka juu ya saa yake ya mkononi. Wateja walifikiri ni umaskini.

Kati ya hapo na kisa ninachotaka kuwaambia, niliondoka mara nyingi. Nilitengeneza kompyuta Bunia, nikatengeneza Uvira, nikakaa Beni mpaka Beni ikawa mbaya. Kila mara vita vilipokaribia nilikuwa wa kwanza kufunga begi, na vita visipokuja niliondoka hata hivyo. Nilikuwa narudi Birere nikiwa nimekonda, na Muzee alikuwa ananitazama juu ya miwani. "Kambale, umerudia bisibisi yako?" Mara ya mwisho nilipofika, duka lilikuwa limefungwa kwa kitambaa cheusi cha msiba. Mke wake alinipa funguo. Sweta ilikuwa kwenye msumari ukutani, mkono wa kushoto umefika kwenye kiwiko.

Niliendelea na kazi. Siwezi kusema niliendelea vizuri, lakini uzi sikuuacha.

Mwaka wa kisa chenyewe, kambi za wakimbizi za Mugunga zilikuwa zimejaa tena. Watu walikuwa wanashuka kutoka milima ya Masisi na magodoro kichwani, na kila asubuhi tulisikia mizinga upande wa Sake, tukabishana kama imesogea. Asubuhi moja akaingia mama wa makamo, viatu viwili visivyofanana, amebeba kitu kifuani. Alijiita Mama Furaha, sekretere wa shule ya sekondari ya huko juu milimani. Alifungua kitenge. Ndani ya kitenge kulikuwa na karatasi iliyokunjwa, na ndani ya karatasi diski.

"Papa fundi, huyu mutoto iko mugonjwa. Nimemubeba siku sita."

Niliunga umeme, nikaweka sikio. Tik. Tik. Kisha kimya kirefu, kisha tik. Nilimwambia ukweli: itasoma mara moja, labda. Mara ya pili sitaahidi.

"Iko na nini ndani?"

"Pointi za batoto. Cinquième na sixième, miaka mbili ya mwisho. Bafinalisti." Akaanza kuhesabu kwa vidole, sio pesa, siku, kutoka Jumamosi ile mpaka Jumanne. "Dosie za egzamen ya Leta zinafungwa mardi. Leo ni samedi. Bila pointi za miaka mbili, hakuna mutoto anaandikwa. Shule imechomwa, Papa. Makartasi yote yamechomwa. Kumebaki huyu."

Watoto wenyewe walikuwa Mugunga, chini ya mahema, na wengine walikuwa wametawanyika. Mtu aliyemaliza miaka sita ya sekondari milimani, katika vita, akikosa kuandikwa kwa mtihani wa taifa mwaka huo, ninyi mnajua hatarudi darasani. Ataoa, atabeba mkaa, au atabeba bunduki.

Ningeweza kujaribu kuchukua mafaili tu. Lakini pointi zilikuwa ndani ya programu ya bileteni, zile ripoti za wanafunzi, iliyotengenezwa na Fureri mmoja, mtawa wa shule ile, ambaye alikuwa ameshakufa, na hakuacha nakala ya kuiweka upya. Nilimweleza Mama Furaha hivi: mafaili ni magunia, unayabeba popote, programu ni mgomba, ukiung'oa bila udongo wake unanyauka. Ilibidi tuhamishe shamba zima, mfumo wote jinsi ulivyo, kwenda diski nyingine, kisha tuiweke kwenye mashini ya aina ileile kama iliyoachwa shuleni, la sivyo mfumo ungekataa nyumba ngeni. Bahati nzuri masanduku yale yaligawiwa shule nyingi kwa wakati mmoja, na moja nililijua: lilikuwa kwa mtu wa kuchapa kadi za harusi, nyumba tatu kutoka kwetu. Alikubali kuliazimisha kwa sharti kwamba nisiguse kadi zake.

"Ukifuta kadi moja, utaniolea yule bibi harusi weye mwenyewe."

Nilipata diski ya kuchukua nafasi, iliyokwisha kutumika, ikatoka Gisenyi. Kwa bahati, au kwa balaa, ilikuwa ya kiwanda kilekile na ukubwa uleule na ile ya Mama Furaha. Mapacha kabla ya kuzaliwa. Diski mbovu hupata joto, kwa hiyo nilileta jiwe la mlima lililolala kivulini nyuma ya duka, bapa na baridi, nikatandika karatasi aliyokuja nayo ili jiwe lisikwaruze, nikailaza diski juu. Nikavuta uzi kwenye sweta, nikaufunga. Nikaunga nyaya. Umeme ulikuwa umekatika tangu siku iliyotangulia, kwa hiyo tulitumia betri za gari.

Hapo ndipo mzinga ulipopiga kwa sauti ambayo hatukuibishania. Birere nzima ilisimama sekunde moja, kisha milango ya mabati ikaanza kushuka, moja baada ya nyingine. Pikipiki zikapita upande wa mpaka, watu watatu watatu. Mikono yangu ilikuwa inaunga nyaya, miguu ilikuwa imeshafika Gisenyi.

Programu ikawaka. Niliweka kidole kwenye kitufe.

"Papa fundi," alisema Mama Furaha, "hii maandishi ya ku ukuta inasema miye nisome."

Alikuwa anatazama kile kipande cha katoni ambapo Muzee alikuwa ameandika sheria yake. Nilimwambia hakuna muda. Nakumbuka vizuri kwamba nilisema hivyo.

"Siku sita nimemubeba. Dakika moja itaniua?" Akanisukuma kwa nyonga, akakaa kwenye kiti changu, akavaa miwani. Akasoma kama mwalimu anayeita darasa, herufi kwa herufi. Namba ya chanzo, mpaka mwisho. Namba ya mahali pa kwenda, mpaka mwisho. Kisha akainama kwenye jiwe, akageuza kichwa, akasoma kibandiko cha diski yenye uzi.

"Mbona ile ya uzi iko ya chini?"

"Ya chini wapi?"

"Namba ya huyu mutoto wangu inamalizikia saba, saba, K. Ku ekra, saba saba K iko pa *destination*."

Nilisoma. Nikasoma tena. Nilikuwa nimezipishanisha nyaya: diski ya Gisenyi ndiyo chanzo, yake ndiyo mahali pa kwenda. Kidole changu kilikuwa bado juu ya kitufe, na nilikiondoa polepole kama mtu anayeondoa mkono kwenye nyoka. Miaka kumi na zaidi ya kazi, na nilikuwa nimefika mahali palepale, nimesimama vilevile, nikienda kwenye mpira.

"Ni kosa?" aliuliza.

"Ni kosa."

"Basi kaa chini, Papa. Mutu wa kusimama hawezi kushona."

Nilikaa chini. Nikabadilisha nyaya. Alisoma upya yote, na safari hii uzi ulikuwa juu. Tukabonyeza.

Diski mgonjwa hainakiliwi kwa mbio. Ikikwama mahali, unaiacha, unaruka mbele, unakusanya kilicho kizima kwanza, kisha unarudi kuomba kwa upole kile kilichogoma. Asilimia mbili. Asilimia tano. Nilitoka kuangalia barabara. Asilimia tisa. Nikatoka tena. Mtu wa chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya mizigo, aliyekuwa anapita na magunia ya mkaa alisimama akiniona.

"Mukubwa, batu bote banaenda! Weka mashini yako pa chukudu, nikusukumie mpaka ku bariyeri, pa mupaka."

"Ikitikisika, inakufa."

"Na weye ukibaki?"

Nikarudi ndani. Mama Furaha alikuwa hajasogea. Mkono wake mmoja ulikuwa umewekwa kwenye ukingo wa jiwe, bila kugusa diski, jinsi unavyoweka mkono karibu na mtoto mwenye homa.

"Mama, tukiacha sasa, nitaizima vizuri. Tutajaribu ng'ambo ya mpaka."

"Ulisema itasoma mara moja."

"Nilisema labda."

"Miye nimekimbia mara ine. Mara ya kwanza nilibeba bana bangu. Sasa bamekomaa. Kimbia, Papa, sitakasirika. Nionyeshe tu kifungo cha kuzima."

Ninyi mnanijua. Begi langu lilikuwa nyuma ya mlango, limefungwa. Lilikuwa limefungwa siku zote. Nililiangalia. Nikaangalia zile asilimia. Sijui kueleza nilichofikiria, na sitawadanganya kwamba ulikuwa ushujaa. Niliona tu kwamba yule mama hakujua kubadilisha betri, na betri ya kwanza ilikuwa inakaribia kwisha. Nikabadilisha betri. Kisha nikateremsha mlango wa bati, tukabaki na mwanga wa kioo.

Mizinga iliendelea mpaka saa nane mchana, kisha ikahama upande mwingine, kama mvua inavyofanya ziwani. Saa tisa na nusu programu ikasema imemaliza, na sehemu chache haikuweza kuzisoma. Diski ya zamani ikapiga tik moja, na haikuwaka tena kamwe. Nilijaribu kwa wiki nzima baadaye, kwa udadisi tu.

Niliiweka ile mpya ndani ya sanduku la mtu wa kadi. Tukawasha. Kioo kilibaki cheusi kwa muda mrefu. Kisha picha ikaja: wanafunzi wamesimama mbele ya jengo refu la matofali lenye mlingoti wa bendera.

"Ni shule," alisema Mama Furaha. Sikuuliza jengo hilo liko namna gani sasa.

Programu ya Fureri ilifunguka. Ilifunguka palepale Mama Furaha alipokuwa ameishia: sixième, hesabu, muhula wa mwisho. Majina yamepangwa kwa mistari, pointi zikishuka chini moja baada ya nyingine, halafu katikati ya ukurasa zikakoma. Chini yake kulikuwa na majina matupu kumi na tisa.

"Hapa," alisema. "Hapa ndipo nilikuwa, bunduki zikalia." Kisha akashtuka, akajishika kifuani, akageuka huku na huku. "Kartasi! Kartasi yangu iko wapi?"

Ilikuwa juu ya jiwe, chini ya diski iliyokufa. Niliitoa, nikaipuliza vumbi jeusi. Ilikuwa orodha ya pointi za hesabu kwa mkono wa mwalimu, ile aliyokuwa ameishika siku ile, akaifungia diski kwa sababu hakuwa na kitu kingine mkononi. Aliinyoosha juu ya paja lake, akaomba klavye, akaanza kuandika kwa vidole viwili. Kila jina alilisema kwa sauti, na mimi nilikaa kando yake.

"Huyu iko Mugunga, hema ya tatu. Huyu iko na mama yake Minova. Huyu namuona kila siku, anauza maji." Tak, tak. "Huyu..." Akaacha kuandika. "Huyu banasema aliingia msituni na bale ba bunduki. Sijui kama iko muzima."

"Mruke," nilimwambia. "Andika wale waliopo."

Aliniangalia juu ya miwani, jinsi Muzee alivyokuwa akiniangalia. "Alipata soixante-deux. Ni zake." Akaziandika, sitini na mbili. "Akirudi, atazikuta."

Aliandika zote kumi na tisa. Jumanne dosie zilikwenda. Mama Furaha alirudi mara moja tu baadaye, kuniletea jibini la Masisi na kuuliza kama mtu wa kadi alikuta kadi zake zote, au itabidi nioe.

Nahodha sasa anapiga kelele, kwa hiyo inaonekana kweli tutaondoka. Sweta iko kwenye msumari wake. Mkono wa kulia bado mzima na mwili wote pia, itawatosha miaka. Msiishone. Na mteja akikaa kwenye kiti chenu kusoma namba, hata kama anasoma polepole, hata kama mji mzima unakimbia nje, mwacheni amalize.